Salamu Niliyoipimia Mizani: Safari ya Kendu Bay, Homa Bay na Migori



Mama zangu, dada zangu na ndugu zangu wasomaji, wiki hii sijibu masuali ya mirathi wala ya eda kama ilivyo ada ya ukurasa huu. Naandika habari za safari. Mwezi wa Agosti uliopita, mimi na mama watoto tulifunga mizigo tukaelekea upande wa Ziwa, katika kaunti za Homa Bay na Migori, na huko nilijifunza jambo la ushairi ambalo vitabu vya arudhi nilivyovisoma tangu ujanani havikunifunza. Lakini safari yenyewe haielezeki bila ya kulieleza kwanza kosa lililoitangulia, na kosa hilo ni langu.

Miaka minne nyuma, kijana mmoja Mjaluo, Mwislamu mwana wa Waislamu, alikuja pwani kusomea ualimu. Alikuwa akihudhuria darsa yangu baina ya Magharibi na Isha, na darsa ikivunjika yeye hubaki nyuma kuniuliza habari za mashairi: ukwapi ni upi, utao ni upi, kwa nini kina hiki chakubalika na kile hakikubaliki. Nilimpenda kama mwanafunzi. Alipokuja kumposa binti yangu, mapenzi yale yakapungua ghafla. Hoja ya kisharia ya kumkatalia sikuwa nayo, kwani dini anayo, tabia anayo, na kazi ya halali anayo. Basi nikasema kwao ni mbali.

Mke wangu aliniuliza suali moja tu. "Na Muscat si mbali?"

Aliuliza hivyo kwa sababu dada mkubwa wa binti huyu ameolewa Oman, na siku tuliyomsindikiza uwanja wa ndege hakuna aliyetaja umbali. Wasomaji wangu wa pwani mnaelewa, sina haja ya kufafanua. Majirani walinong'ona kuhusu kuolewa bara, nami niliyekuwa nikihubiri kila mwaka juu ya Bilali na Salmani Mfursi, radhi za Allah ziwafikie, nikayasikiliza yale manong'ono. Nilitoa idhini kwa ulimi. Siku ya nikaha nilimwakilisha ndugu yangu aozeshe, mwenyewe nikajilaza nyumbani nikidai kuwa na homa. Homa sikuwa nayo.

Binti akahamia Migori. Mama yake alikwenda kumtazama mara mbili, mara ya pili kumlea uzazi. Mimi sikwenda. Kwa simu tulizungumza kama watu wanaoulizana bei ya unga.

Ndipo siku moja, pamoja na mzigo wa omena wakavu uliotumwa kwa basi, ikaja bahasha yenye jina langu. Ndani mlikuwa na shairi la beti nane, limeandikwa kwa mkono wa yule kijana, tarbia, mizani nane kwa nane. Ubeti wa kwanza ulikuwa wa salamu. Nikavaa miwani nikaanza kuhesabu. Mshororo wa kwanza, kipande cha kwanza, kilikuwa na mizani kumi badala ya nane. Nikachukua kalamu nyekundu, ile ninayosahihishia madaftari ya madrasa, nikakata neno moja lililozidi, mstari ukakaa sawa. Nikasahihisha na vina viwili katika ubeti wa tano. Kisha nikaitia karatasi ile ile katika bahasha, nikairudisha ilikotoka. Sikuandika neno jingine lolote.

Nilimwambia mke wangu nilichokifanya, tena kwa fahari kidogo, kama mwalimu aliyetekeleza wajibu wake. Akaniangalia kwa muda. "Mizani umehesabu," akasema. "Salamu umeijibu?"

Nilinyamaza, na kule Migori nako kukanyamaza. Ukapita mwaka.

Huenda ningekaa hivyo hata leo, lau si darsa ya akina mama ya siku ya Alhamisi. Tulikuwa tukisoma mlango wa adabu za salamu, na mama mmoja akauliza: "Sheikh, salamu iliyokuja kwa barua nayo hujibiwa, au ni ile ya uso kwa uso tu?" Nikamjibu kama nilivyofundishwa, kwamba wanazuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi, akiwamo Imamu Nawawi, wamesema salamu ya maandishi nayo ina haki ya kujibiwa, na ajibu mara imfikiapo. Yule mama akasema "Ahsante, Sheikh," akaandika katika daftari lake. Mimi nilirudi nyumbani miguu mizito. Usiku ule nikamwambia mke wangu akate tikiti.

Tuliondoka na treni ya SGR asubuhi kutoka Miritini, tukalala Nairobi kwa jamaa, na siku ya pili tukapanda basi la magharibi. Njia ile huteremka Bonde la Ufa kwa upande wa Mai Mahiu, ikapita Narok yenye ngano na ng'ombe, kisha Bomet na Sotik ambako majani ya chai yamekatwa sawasawa kama zulia la msikiti. Kisii ni milima na migomba, na watu wengi mno kwa ardhi kidogo. Kutoka hapo tulishika njia ya Oyugis, na baada ya Oyugis barabara ikaanza kuteremka, joto likarudi mwilini, na mke wangu akavua sweta lake akasema: "Sasa tunakaribia maji."

Katika safari yote hiyo nilikuwa nikimfikiria Kaab bin Zuhair. Mnamjua kisa chake. Alikuwa mshairi aliyemtukana Mtume, rehema na amani zimshukie, kisha akaja Madina kuomba msamaha, na alichokuja nacho mkononi ni kasida. Mtume aliisikiliza, akamvika joho lake. Kisa hiki nimekisomesha mara nyingi kwa ajili ya kuthibitisha kuwa ushairi mwema si haramu. Ndani ya basi lile, baina ya Sotik na Kisii, nilikiona kwa upande mwingine: mtu alikuja na shairi, akapokewa. Na mimi nilijiwa na shairi nikafanya nini?

Kendu Bay ni mji mdogo ulio ukingoni mwa Ziwa, katika kaunti ya Homa Bay. Mgeni kutoka Mombasa hushangaa kusikia adhana hapo, na hushangaa zaidi kuwakuta akina mama wenye buibui na leso wakinunua samaki kwa lugha ya Kijaluo. Haifai kushangaa. Kendu Bay ni miongoni mwa vitovu vya kale vya Uislamu katika nchi ya Waluo, na dini iliwafikia kwa njia zile zile za biashara na safari zilizoifikisha kwingineko bara. Onyango, babu yake Barack Obama aliyekuwa rais wa Marekani, asili yake ni upande huo huo wa Kendu Bay. Aliposilimu aliitwa Hussein. Kwa hivyo mimi niliyedhani namtoa binti yangu nje ya ardhi ya Uislamu, nilikuwa nimempeleka kwa watu waliorithi Uislamu kwa mababu zao.

Shule zilikuwa zimefungwa, na kijana alikuwa kwa wazazi wake pamoja na familia yake. Binti yangu alitoka mlangoni na mtoto kiunoni, akanipa mkono, akaubusu kama alivyofunzwa. Hakulia, wala mimi sikulia. Mtoto aliniangalia ndevu. Amepewa jina la marehemu baba yangu, na juu ya hilo ana jina la Kijaluo la mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua. Hili la kwanza sikuwa nimeambiwa. Mama yake alilijua. Hakuniambia kwa sababu sikuuliza.

Jambo jingine nililigundua dakika chache baadaye. Kila aliyepita uani alimwita binti yangu kwa jina nisilolijua: Nyar Mombasa. Nikamuuliza mumewe. Akanieleza kuwa katika Kijaluo "nyar" ni binti wa mahali fulani, na mke aliyeletwa huitwa kwa mahali alikotoka, si kwa mahali alikoolewa. Hata akizeeka, hata akiwa nyanya, ataitwa binti wa kwao. Basi hesabuni nyinyi wenyewe. Miaka mitatu nilikuwa nikijiambia kuwa bara wamenichukulia mwanangu, na miaka yote hiyo, asubuhi na jioni, kisimani na sokoni, watu wale walikuwa wakimtaja kwa jina la mji wangu.

Jioni, baada ya Isha, tukakaa uani kwenye mikeka. Mavyaa wake binti yangu ni mama wa makamo, mrefu, sauti nzito, muuzaji wa samaki. Kiswahili anacho cha sokoni. Chai ilipokwisha kumiminwa aliinua mkono, watu wakanyamaza, akaanza kusema kwa Kijaluo kwa mapigo maalumu, si kuimba na si kuzungumza. Kila alipofika mwisho wa fungu la maneno, wote waliitikia na kucheka. Mkwe wangu aliinama sikioni mwangu akinifasiria.

"Mimi ni mama wa aliyekwenda kutafuta cheti, akarudi na bahari."

"Mimi ni jirani wa ziwa lisilo chumvi, nimepata mkwe kutoka maji ya chumvi, mchuzi wangu sasa umekolea."

"Mimi ni rafiki wa mama aliyekuja na kanga mbili akaniachia moja. Mzee wake alikuwa akisafisha kalamu, leo amefika."

Waliposikia fungu hili la mwisho walicheka sana, nami nikahisi uso unanichoma.

Sanaa hii inaitwa pakruok. Ni majigambo, lakini si majigambo kama tunavyoyajua sisi, ya mtu kujitukuza peke yake. Mwenye kupakra hujisifu kwa watu alionao: mimi ni ndugu wa fulani, mimi ni mkwe wa fulani, mimi ni rafiki wa yule mwenye sifa hii na ile. Hufanywa sana panapopigwa nyatiti, kinanda chao cha nyuzi nane, ambapo mtu humsimamisha mpigaji kwa kumtunza pesa, akasema yake, kisha ngoma ikaendelea. Najua, nanyi mtanikumbusha, kuwa mara nyingi hufanywa penye vileo. Nilichokisikia mimi kilifanywa juu ya mkeka, kwa chai ya maziwa na mahamri aliyoyapika binti yangu. Nami husema kuwa chombo hakiharamiki kwa sababu mwingine alikitilia ulevi; huoshwa.

Nilisikiliza kwa sikio la arudhi. Nikatafuta mizani, sikuipata. Nikatafuta vina, sikuvipata. Nikasema moyoni kuwa hili halina kanuni. Hapo mke wangu akanigusa goti, akaninong'oneza: "Haya si vugo?"

Kwa wasomaji wasio wa Mombasa, vugo ni ngoma ya wanawake ya arusini, inayopigwa kwa pembe na vijiti, na nyimbo zake ni za kutajana, kusifiana na kupigana vijembe vya mapenzi baina ya upande wa bwana na upande wa bibi. Mke wangu alikuwa bingwa wake kabla magoti hayajamsaliti. Aliposema hivyo nikaona ni kweli. Kanuni ilikuwapo, ila haikuwa ya kuhesabu silabi. Kila fungu ni lazima limfunge mtu na mtu. Fungu lisilomtaja mwingine lilipokewa kwa ukimya. Lililounganisha wawili lilipokewa kwa kelele.

Kisha wote wakanigeukia mimi. Ada ni kujibu. Mimi, niliyehifadhi beti kwa mamia, niliyesahihisha kwa wino mwekundu, nilikosa la kusema. Kila neno lililonijia lilikuwa linanihusu mimi peke yangu. Mke wangu akaninusuru. Alisimama, akapiga vijiko viwili kimoja juu ya kingine, akajibu kwa mapigo ya vugo, kwa Kiswahili cha Mvita, kuwa yeye ni mwenzake muuza samaki, kuwa kanga ile iliyobaki ameivaa leo, na kuwa kalamu ya mzee imeishiwa wino njiani. Mkwe wangu alifasiri. Mama yule aliinuka akamkumbatia. Wanawake wawili wasio na lugha moja walicheka pamoja hadi machozi, nami nikanywa chai yangu.

Siku ya pili binti yangu alitupeleka kulitazama ziwa la Simbi Nyaima, karibu na mji. Ni ziwa dogo la mviringo, maji yake ya kijani na ya magadi, heroe wamesimama ukingoni kwa miguu yao myembamba. Waluo husimulia kuwa hapo palikuwa na kijiji. Usiku wa karamu alikuja bibi kizee mgeni, akakataliwa kila mlango, isipokuwa na mwanamke mmoja aliyempokea. Bibi akamwambia yule mwanamke aondoke na watu wake. Ikanyesha mvua, kijiji kikazama na karamu yake. Hadithi ni hadithi, wala simtaki mtu aiamini kama tarehe. Lakini sisi tusomao Suratul Kahf tunawajua watu wa mji waliokataa kuwakirimu Musa na Khidhr, amani iwashukie, basi kisa hiki si kigeni kwetu. Binti yangu alikisimulia polepole, macho yake kwenye maji. Alipomaliza hakuna aliyesema kitu mpaka mtoto alipotaka kuwakimbiza heroe.

Homa Bay mjini tulipita kwa siku moja tu. Ni mji wa pwani kama miji mingine ya pwani: kilima kimoja, Asego, kinauangalia kutoka nyuma, mbele kuna gati, mashua, na wanawake wanaoanika omena juu ya nyavu zilizotandazwa mchangani. Tulikula ngege mzima kwa sima, na mke wangu akataka apewe ndimu zaidi. Usiku, kwa vile mwezi haukuwapo, wavuvi wa omena walitoka na taa zao, na ziwa likawa kama mji ulioshuka majini. Nilisimama pale kwa muda. Nilikulia mbele ya bahari, na nilidhani ninajua maji ya usiku yanavyokuwa.

Kutoka Homa Bay tulipanda hadi Rongo, tukaishika barabara kuu ya kuelekea Tanzania, tukapita Awendo penye miwa na kiwanda cha sukari cha Sony, tukafika Migori. Mji huu umejaa watu wa kila namna: Wajaluo, Wakuria, Wakisii, Waluhya, Wasomali. Mpaka wa Isebania hauko mbali, na biashara ya kuvuka mpaka imewapa watu wa hapa Kiswahili ambacho sikukitarajia. Muuza viatu mmoja aliniambia "karibu sana, mzee wangu" kwa lafudhi ya Musoma, nikanunua viatu nisivyovihitaji.

Mkwe wangu alitupeleka Thimlich Ohinga, upande wa Macalder, mahali ambapo UNESCO ilipaingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Ni maboma ya mawe, yaliyojengwa kiasi cha miaka 500 iliyopita, kuta nyingine zikimpita mtu mrefu, na hakuna chokaa wala udongo uliozishikisha. Mimi ni mtoto wa nyumba za mawe, na nyumba zetu bila ya chokaa ni kifusi. Niliweka kiganja juu ya ukuta, nikausukuma kidogo, kitoto hasa. Haukutikisika. Kila jiwe limechaguliwa kwa ajili ya jirani yake. Mkwe wangu akasema, bila ya kunikusudia nadhani, kuwa ndivyo mama yake anavyopakra.

Nyumba yao Migori ni vyumba viwili na rafu moja ya vitabu. Juu ya rafu nilikiona "Malenga wa Mvita" cha Ahmad Nassir bin Juma Bhalo, chapa ya zamani, na ubavuni mwake "Malenga wa Ziwa Kuu" cha Wallah bin Wallah, na "Sauti ya Dhiki" ya Abdilatif Abdalla, ambayo mwenyewe aliitunga akiwa kifungoni. Pembeni palikuwa na daftari nene la jalada gumu. Nikalifungua kwa mazoea ya mwalimu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa umebandikwa karatasi yangu. Wino mwekundu wote upo, kila alama mahali pake.

"Huwaonyesha wanafunzi wangu wa kidato cha tatu," akasema mkwe wangu kwa adabu. "Nawaambia hivi ndivyo mizani inavyosahihishwa."

Sikuweza kumwangalia. Binti yangu aliyekuwa akipepeta mchele alisema bila ya kuinua kichwa: "Ubeti wa kwanza haukuwa wake. Ni wangu. Aliniachia niweke salamu mimi."

Nikausoma tena. Neno nililolikata, lile lililoufanya mstari uzidi mizani mbili, lilikuwa "Baba".

Binti huyu nilimfunza kuhesabu mizani mwenyewe, akiwa na miaka saba, kwa vidole, kwa Utendi wa Mwana Kupona. Mnaujua: Mwana Kupona binti Msham wa Pate aliutunga mwaka 1858 katika maradhi, kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima. Nimeusomesha kwa miaka thelathini. Nimesherehesha nasaha zake zote, za dini, za ndoa, za ulimi. Na katika miaka yote hiyo nilikuwa nikipita haraka pale mwanzoni, ambapo yule mama mgonjwa, kabla ya nasaha yoyote, humwita kwanza mwanawe asogee karibu na wino na karatasi. Nilipaona ni utangulizi tu, wa kufikia yaliyo muhimu.

Usiku ule sikulala. Baada ya kusali Alfajiri niliketi mezani kwao, nikaomba ukurasa mmoja wa daftari. Kalamu iliyokuwa karibu ilikuwa ya buluu. Niliandika ubeti mmoja, nikauacha chini ya kikombe chake cha chai, nikatoka nje kulitazama jua likipanda upande wa Kisii:

Salamu zilinijia, kwa kalamu ya ahali,
Nikaketi kupimia, mizani, si yako hali,
Leo naja kujibia, nimetoka pwani mbali,
Pokea nakulipia, deni langu la awali.

Si ubeti mkubwa. Watunzi miongoni mwenu wataona kuwa "pwani mbali" imewekwa kwa ajili ya kina. Niliporudi ndani alikuwa amesimama na karatasi mkono mmoja, na mkono mwingine akihesabu kwa vidole, kidole gumba kikigusa kimoja kimoja, midomo ikitikisika, vile vile kama alipokuwa na miaka saba. Alihesabu mishororo yote minne mpaka mwisho, na mimi nikasubiri kama mwanafunzi.

"Zimetimia, Baba," akasema.

Kisha akaniuliza kama chai niongezewe sukari.

Tulikaa Migori siku sita zaidi, na kurudi tukapitia Kisii tena. Tangu tufike nyumbani, mavyaa wake binti yangu ametuma ujumbe wa sauti mara tatu katika simu ya mke wangu, kila mara akipakra, na mara ya tatu amenitaja mimi kwa namna ambayo mkwe wangu hakutaka kuifasiri yote. Mke wangu amekataa kunijibia. Anasema safari hii deni ni langu. Nimejaribu mafungu mawili, moja nimelifuta kwa sababu lilikuwa na vina vizuri na halikumtaja mtu yeyote. La pili linaanza na muuza samaki aliyenipa mjukuu jina la baba yangu, na hapo ndipo nilipofika.

Wassalaamu alaykum.